Nyimbo Tumeziandika, Miguu Je?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, semina ya siku moja, Nyeri)



Wanavikundi wapenzi, barua ya mwaliko ilisema leo tutazungumza juu ya kuhifadhi ngoma. Mama mmoja wa upande wa Othaya alitusimamisha mlangoni asubuhi akatuuliza kama kweli parokia imeanza kuhifadhi ngoma. Tulicheka pamoja naye. Ninyi mliotoka Meru na Nanyuki ambao si Wagikuyu, tuwaeleze ili nanyi mcheke: kwa Kigikuyu ngoma ni pepo, ni mizimu. Kwa hiyo Kiswahili chetu kikiingia kijijini kinaanza na shida. Sisi tunasema kuina, na neno hilo moja ni kuimba na ni kucheza. Rwimbo si maneno peke yake, ni pamoja na mwili unaoyabeba. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Tuanze na kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotuleta hapa.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunatembelea kikundi cha akina mama, kazi yao ilikuwa mbuzi wa maziwa na merry-go-round ya kila mwezi. Siku ya kugawana mbuzi wa kwanza walitucheza gitiiro. Mnaijua gitiiro, ni ya akina mama watu wazima, na mpaka leo huisikia kwenye ruracio, pande mbili zikijibizana. Aliyewaongoza alikuwa cucu aliyepita miaka themanini. Tukasema, hii lazima ihifadhiwe. Tukatoa kamera, tukapiga video ya karibu saa nzima, tukarudi ofisini tukiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Kaseti ya nakala tukawapa.

Cucu alifariki wakati wa mvua ndefu ya mwaka uliofuata, Mungu amlaze pema. Baadaye kikundi kikaalikwa kucheza kwenye harusi ya mjukuu wake mwenyewe. Wakaanza mazoezi. Ikaonekana kuna mahali katikati ambapo mistari miwili inapitana, kila mtu anatoka upande wa pili na kurudi mahali pasipokuwa pake. Cucu ndiye alikuwa akianza, wengine wakimfuata bila kufikiri. Sasa nani anaanza? Anapita kushoto kwa mwenzake au kulia? Wakatuita na ile video.

Tuliitazama mara tatu. Nyuso zilikuwamo, vitambaa vya kichwa vilikuwamo. Padre akila alikuwamo. Sauti ya mshereheshaji akiwashukuru wageni ilikuwa juu ya wimbo karibu wote. Miguu ilionekana kwa sekunde chache tu pale mistari ilipoanza kukutana, halafu kijana akapita mbele ya kamera amebeba sufuria. Alipoondoka, akina mama walikuwa wameshapitana.

Walitengeneza kiraka. Walicheza harusini, watu wakapiga vigelegele, hakuna mgeni aliyegundua. Lakini mama mmoja mzee alitushika mkono baadaye akasema, "Pale katikati tulidanganya."

Neno hilo limetukaa. Maneno ya wimbo ule tulikuwa tumeyaandika yote, beti kwa beti, kwenye daftari la karani. Miguu hatukuandika.

Sasa tuulize, wazee wetu walifanyaje bila daftari na bila kamera? Msidhani walitegemea bahati. Walikuwa na utaratibu. Kila rika lilikuwa na ngoma zake. Wavulana ambao hawajatahiriwa walikuwa na muthuu, wapiganaji walikuwa na kibata, akina mama wa umri wa kuozesha walikuwa na gitiiro. Mtoto alisimama pembeni miaka mingi akiona ngoma ambayo haruhusiwi bado. Siku ya kuruhusiwa alikuwa ameshaijua kwa macho, akabaki kuisahihisha kwa mwili. Na waliomsahihisha ni wale waliotoka humo jana, si babu wa mbali. Kila kizazi kilimfundisha kinachofuata kabla miguu haijawa mizee.

Halafu kulikuwa na njingiri, zile kengele za chuma za mguuni. Tunaziona kama pambo, lakini fikirini: vijana thelathini wamevaa njingiri, mmoja akakosea hatua. Anasikika! Hahitaji mwalimu wa kumwonyesha kidole, mguu wake umeshamsema. Nao wimbo ulikuwa ndio kumbukumbu kubwa. Mwimbishaji akibadili ubeti, mstari unageuka. Akirefusha sauti, wanasubiri. Ndiyo sababu tulisema kuina ni moja. Ukitenga maneno uyaandike peke yake, umebeba kibuyu ukaacha uji.

Hata alama za kuchora hatukuzikosa. Wazee wa gicandi walikuwa na kibuyu chao cha kutikisa, kimechorwa alama ubavuni, na walizitumia kukumbuka utenzi mrefu wa mafumbo ambao watu wawili huujibizana. Mmisionari wa Consolata, Padre Vittorio Merlo Pick, alichapisha kitabu juu ya gicandi na vitendawili vya Kigikuyu mwaka 1973. Zile zilikuwa alama za maneno, si za miguu, lakini anayesema Mwafrika hakuwahi kuweka kumbukumbu kwa alama, mwonyesheni kibuyu.

Njia hiyo ya mwili kwa mwili ina nguvu kuliko tunavyodhani. Mnakumbuka habari za muthirigu. Mwishoni mwa 1929, wakati wa ugomvi wa misheni na watu juu ya tohara ya wasichana, wimbo huo wa kuchezwa ulienea nchi yote ya Wagikuyu kwa muda mfupi, kila mahali pakiongeza beti zake. Serikali ya mkoloni iliupiga marufuku mapema 1930. Hatuusifu kwa yale uliyoyatetea. Sisi kazi yetu ni kulinda wasichana, na mnajua msimamo wetu. Tunasema tu kwamba ulienea bila karatasi.

Lakini ina udhaifu mmoja, na ni mkubwa. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, hakuna mahali pa kurudia. Kwetu ulikatika. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kuanzia 1954 watu walihamishwa kwa nguvu wakawekwa katika vijiji vya imajensi, kukawa na mitaro, kafyu, vijana wengi kizuizini au msituni. Rika zima la watu ambao wangekuwa wanacheza na kufundisha lilikosa uwanja. Cucu wetu yule alikuwa mmoja wa wachache waliojifunza kabla ya hapo.

Na tuseme ukweli hata kama tuko ndani ya ukumbi wa kanisa: si mkoloni peke yake. Wamisionari wengi, wa madhehebu mbalimbali, waliwaambia waumini wa kwanza waache kabisa kwenda uwanja wa ngoma. Na hao hao ndio walioandika mengi ya yale tunayoyasoma leo. Wamisionari wetu wa Consolata walifika Tuthu mwaka 1902. Mwaka 1933 kitabu cha Padre Cagnolo juu ya mila za Wagikuyu kilichapishwa hapa hapa Nyeri, katika kiwanda cha misheni. Kabla yake, Bwana na Bibi Routledge, Waingereza waliokaa upande huu, walitoa chao mwaka 1910. Mzee Kenyatta alitoa chake 1938. Vitabu hivi vyafaa kusomwa. Lakini chukueni kimojawapo mjaribu kucheza kwa kukisoma! Utajua ngoma ilikuwa ya nani, ya wakati gani, wamevaa nini. Ukifika kwenye mguu, umeachwa peke yako.

Wako walioshindana na tatizo la mguu huko Ulaya. Mwaka 1928 mtu mmoja aliyeitwa Rudolf Laban alitoa namna ya kuandika mwendo wa mwili. Inasomwa kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayepanda ngazi. Kuna mistari mitatu iliyosimama. Alama ikiwa kulia ni upande wa kulia wa mwili, umbo lake linaonyesha unaelekea wapi, urefu wake unaonyesha unachukua muda gani. Uingereza wakatoa nyingine miaka ya 1950, ya Joan na Rudolf Benesh, yenye mistari mitano kama ya muziki. Zinafanya kazi. Lakini ni elimu ya kusomea kwa muda mrefu, na hata huko wachezaji wengi hawazisomi, wanafundishwa na mtu aliyecheza kabla yao. Hatukuja kuwauzia hiyo. Tunaiba tu maswali yake matatu: ni kiungo gani, kinakwenda wapi, kwa muda gani. Daftari lolote la karani linaweza kujibu hayo.

Tuliyajaribu na kikundi kingine upande wa Mukurweini, na tuliyojifunza huko ndiyo tungependa mkae nayo zaidi.

Tulianza na ungo, gitaruru. Cucu hataki kuchora kwenye karatasi, atakuambia hajui kalamu. Mpe ungo na maharagwe. Maharagwe mekundu upande mmoja, meupe upande wa pili, na punje moja ya mahindi ndiye mwimbishaji. Mwombe aimbe polepole na kusogeza. Cucu wawili waliokaa na ungo ule walibishana karibu saa nzima juu ya haragwe moja! Mabishano yale yalikuwa na faida kuliko video yetu yote ya kwanza, maana kila mmoja alilazimika kusema kwa nini. Karani alichora kila hatua ya ungo, akaandika chini yake mstari wa wimbo unaoimbwa wakati huo. Ukurasa mmoja kwa kila mgeuko. Ilitoka kurasa kumi na moja.

Majina ya hatua tuliyaandika kama wao wanavyoyaita. Kulikuwa na hatua walioiita kwa jina la kupepeta njugu. Msiibadilishe kuwa "hatua namba nne". Jina lenyewe ni mafundisho: ukiambiwa pepeta, kiuno na mikono vinajua.

Halafu simu. Leo hakuna kikundi kisicho na simu ya kupiga picha, kwa hiyo kaseti na kamera ya ofisi tuziache. Lakini simu ina kasoro ile ile: inapenda nyuso. Tulitumia tatu. Ya kwanza juu, kijana amesimama kwenye pikapu, ili mistari yote ionekane kama vile kwenye ungo. Ya pili chini, karibu na ardhi, miguu tu, na tuliwaomba akina mama wakunje leso kidogo. Ya tatu karibu na mdomo wa mwimbishaji, kwa ajili ya sauti. Pigeni pia kutoka nyuma. Mtu akijifunza kwa video iliyopigwa kutoka mbele, kulia kwa cucu kunakuwa kushoto kwake, na hapo ndipo kikundi kizima kinagongana. Mara moja polepole huku wakieleza kwa mdomo, mara moja kwa mwendo wake wa kawaida. Na kabla ya kuanza, mtu aseme kwa sauti: leo ni tarehe fulani, tuko mahali fulani, wanaocheza ni fulani na fulani, ngoma ni hii.

Sasa sikilizeni lililotokea. Wasichana wa kidato cha pili walichukua zile video likizo ya Agosti wakajifunza peke yao. Wakaja kutuonyesha. Hatua safi kabisa! Lakini wote, kumi na wawili, walikuwa wanaangusha bega la kushoto na kuburuta kidogo mguu. Cucu walitazamana, halafu mmoja akaanza kucheka mpaka machozi. Ilikuwa nyonga yake. Nyonga inamsumbua tangu alipoanguka na kuni, na wasichana walikuwa wamejifunza ugonjwa wake kama hatua.

Kwa hiyo video haihifadhi ngoma. Inahifadhi ile siku moja, pamoja na nyonga na mtu wa sufuria. Anayejua lipi ni ngoma na lipi ni nyonga ni cucu peke yake, na lazima aulizwe akiwa hai. Tangu siku ile tumeweka sharti: video na daftari wapewe watu ambao hawajawahi kucheza, wacheze mbele ya wazee, na kila wanapokosea ijulikane kwamba hapo ndipo hatukuandika vizuri. Kosa la mwanafunzi linaonyesha tundu la daftari. Tuliongeza kurasa nne baada ya wasichana wale.

Si kila ngoma ni ngumu hivyo. Mwomboko, kwa mfano, haina haraka ya kufa. Ilienea sana miaka ya 1940, wazee wetu wakiwa wameona dansi za wazungu, wakazichukua na kuzigeuza ziwe zetu, mwanamume na mwanamke wakishikana, akodiani na karing'aring'a ile ya chuma. Hatua mbili na kuinama, mgeni anaweza kuingia usiku ule ule. Bado inachezwa. Mwenye nyumba inayowaka haanzi kuokoa kiti kilicho nje. Anzeni na ile ambayo wanaoijua ni watatu au wanne. Jirani zetu wa Chuka na ngoma zao ndefu za kubana mapajani wana hesabu yao, watajua wenyewe waanze wapi.

Tuguse pia mashindano ya shule, maana walimu wawili wamo humu. Mashindano ya Muziki ya Kenya yalianza mwaka 1927 na yamesaidia sana. Bila hayo watoto wengi wasingeona ngoma hata moja ya kwao. Lakini jukwaa lina sheria zake. Ngoma ya duara inafunguliwa iwatazame waamuzi. Ngoma ya saa mbili inakatwa iwe ya dakika chache. Hatulaumu. Tunaomba tu mwalimu akimaliza kukata, aandike alichokata, na ile nzima ibaki mahali. La sivyo baada ya miaka kumi watoto watakuja kuwafundisha cucu kwamba gitiiro inachezwa kwa kutazama upande mmoja.

Kuna waliotuuliza: na wakija watu wa kupiga filamu? Wanakuja, hasa karibu na hoteli za watalii. Tunakijua kikundi kilichocheza tangu asubuhi mpaka saa tisa kwa soda na mkate, na hakuna aliyeandika hata jina la waliopiga. Mjue kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inataka jamii zilipwe kwa matumizi ya utamaduni wao. Na tangu 2016 iko sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, ngoma zikiwemo. Mtu wa nje anayetaka kuzitumia anatakiwa kupata kibali cha jamii, na kaunti imepewa kazi ya kuweka rejista. Sheria ikiwa kabatini haimlipi mtu. Lakini mwenyekiti akiwa na daftari lenye tarehe, majina na michoro kumi na tano, anazungumza na mpiga filamu akiwa ameketi. Makubaliano yaandikwe kabla ya kamera kufunguliwa: nani anapiga, atatumia wapi, analipa nini, na nakala inabaki kwa kikundi.

Na msitegemee orodha. Isukuti ya Waisukha na Waidakho kule Kakamega iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ni heshima kubwa. Ila orodha haipigi ngoma, kijana wa Shinyalu ndiye atakayepiga.

Jambo la mwisho ni zito kidogo. Katika kile kikundi chetu cha kwanza wamebaki cucu wanne. Mmoja wao ameokoka na hataki tena kucheza, anasema ni mambo ya giza. Baadhi ya wanakikundi walitaka tumlazimishe kwa kuwa sisi ni wa kanisa. Hatutamlazimisha. Tulimweleza kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya 1963, ulifungua mlango kwa mila njema za watu ndani ya ibada, na kwamba watoto wake mwenyewe wanacheza wakipeleka vipaji altareni. Akasema atafikiri. Wiki mbili baadaye alituma ujumbe kwa mjukuu: hatacheza, lakini atakuja kukaa kwenye kiti na kusema wanapokosea. Kwetu hilo latosha. Na yeye ndiye anayedai kwamba cucu aliyefariki alikuwa akipita kushoto.

Tunaomba mweka hazina wa kila kikundi atenge nauli na chakula cha wazee hawa. Mnawalipa wataalamu wa mifugo bila kuuliza. Cucu anayefundisha naye amekuja kazini.

Basi, tumekubaliana tuanze Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa shule ya msingi, si ukumbini, kwa sababu ukumbini vumbi la miguu halionekani. Kila kikundi kilete karani na daftari jipya lenye kurasa mia mbili, simu mbili zenye chaji, na ungo. Maharagwe yapo. Mwenye pikapu atuone kabla hajaondoka. Na yule mama wa Othaya ameahidi kumleta shangazi yake, kwa hiyo tunahitaji kiti cha pili chenye mgongo.